KUOGELEA: AFYA NA KINGA KWA WATOTO WETU

Mwezi huu tujifunze habari za maji kwa kumtazama mtu mmoja, Teófilo Yldefonso wa Ufilipino.

Yldefonso alizaliwa Piddig, katika mkoa wa Ilocos Norte. Hakuwa na bwawa wala mwalimu. Alijifunza kuogelea katika mto Guisit, karibu na kwao. Alipokua akawa askari. Mwaka 1928, katika Michezo ya Olimpiki huko Amsterdam, alishika nafasi ya tatu katika mita 200, akiogelea kwa kifua, miguu ikipiga kama ya chura. Hiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Ufilipino. Mwaka 1932 huko Los Angeles alipata tena shaba, kwa dakika 2 na sekunde 47.1, sekunde 9 pungufu kuliko mara ya kwanza.

Vita Kuu ya Pili ilipofika alipigana Bataan. Jeshi lake lilisalimu amri tarehe 9 Aprili 1942, na mateka wakaswagwa kwa miguu mwendo mrefu juani hadi kambi ya Capas. Maji yalikuwa haba na machafu. Kuhara damu na malaria viliua maelfu. Yldefonso naye alifia huko mwaka huohuo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kuogelea kunajenga moyo, mapafu na misuli yote. Kunawafaa hata wenye magoti mabovu, kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili.

Pili, kuogelea ni kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji. Karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Basi funika kisima na pipa la maji. Usimwache mtoto mdogo peke yake karibu na maji, hata beseni la kufulia. Mwenye miaka 6 na kuendelea afundishwe kuogelea na mtu mzima anayejua, mahali pasipo na kichocho wala mamba.

Tatu, mtoto akizama, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mnapoteza dakika za uhai wake. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 2 mdomoni mpaka kifua kiinuke. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi 2 tena, na kuendelea hivyo huku mwenzako akitafuta usafiri. Hata akizinduka, mpelekeni hospitali, maana mapafu yaweza kuharibika baadaye.

Nne, kumbukeni kambi ya Capas. Hata mwenye mapafu ya bingwa hawezi kuyashinda maji machafu. Chemsheni maji ya kunywa, na choo kiwe mbali na kisima.

Akina baba na akina mama, zungumzeni haya nyumbani na katika jumuiya zenu kabla ya mvua kujaza mito.