Safari ya Kuona Filamu Ilikorekodiwa: Hakikisha Mahali, Halafu Hakikisha Mpokeaji

Umetazama Out of Africa mara nne na sasa unataka kuiona ile nyumba kwa macho yako. Jioni unapitia simu, unakutana na bango: safari ya Jumamosi, nafasi zimebaki tatu, tuma 1,500 sasa hivi kwa namba hii. Jina la kampuni liko kwenye bango, lakini namba yenyewe ni ya mtu binafsi.

Hapo tunakuomba usimame kidogo. Ukishaweka PIN, pesa zimeenda, na mpokeaji anaweza kuzitoa kabla hujamaliza chai. Kwa hivyo kazi ya kujikinga inafanyika kabla ya kutuma. Kwa safari kama hii jiulize maswali mawili: je, mahali hapa ndipo kweli? Na huyu anayetaka pesa, ndiye kweli?

Kwanza, hakikisha mahali

Filamu ina ujanja wake, na aliyetengeneza bango anaweza kuutumia.

Out of Africa ilitoka mwaka wa 1985. Iliongozwa na Sydney Pollack, na waigizaji wakuu ni Meryl Streep na Robert Redford. Ilizoa tuzo 7 za Oscar. Inasimulia maisha ya Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyelima kahawa karibu na vilima vya Ngong. Nyumba aliyoishi kuanzia 1917 hadi 1931 bado ipo mtaani Karen, Nairobi, na ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1986.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyumba unayoiona kwenye filamu, kwa sehemu kubwa, si hiyo. Watengenezaji walitumia nyumba nyingine iliyo karibu. Hiyo haimaanishi usiende makumbusho. Hapo ndipo mambo yenyewe yalipotokea, na ukisimama kwenye bustani utaviona vilima vya Ngong vile vile. Lakini mtu akikuuzia tiketi ya bei juu kwa sababu "filamu yote ilirekodiwa ndani ya chumba hiki", jua anauza asichokijua. Muulize mengine pia.

Mfano mwingine ni Hell's Gate, Naivasha. Sehemu ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, ya mwaka wa 2003, ilirekodiwa huko. The Lion King ya 1994 nayo hutajwa kila mara, lakini hiyo ni katuni. Wachoraji walitembea mbugani kutafuta mawazo, halafu wakaenda kuchora. Ukiahidiwa "mwamba halisi wa Simba", cheka tu, usitume kitu.

Pili, hakikisha mpokeaji

Habari njema ni kwamba kwa sehemu hizi mbili huhitaji mtu wa katikati kununua tiketi. Makumbusho ya Karen Blixen iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hell's Gate iko chini ya KWS. Kiingilio cha zote mbili unaweza kulipa mwenyewe kupitia eCitizen. Unachagua mahali na tarehe, mfumo unakupa bili, kisha unalipa kwa paybill ya serikali, 222222. Namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili yako. Bei tazama hapo hapo siku unayolipa, kwa sababu hubadilika, na raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Beba kitambulisho.

Kwa hivyo mtu akikwambia umtumie yeye "pesa ya geti" kwenye namba yake, muulize kwa nini. Huenda ana sababu nzuri, labda analipia kundi zima. Basi akuonyeshe bili yenye jina la mahali, tarehe na idadi ya watu.

Gari, chakula na kiongozi wa safari ni malipo ya watu binafsi, na hapo ndipo uangalifu unahitajika zaidi:

- Omba namba ya till au paybill ya biashara. Ukiingiza namba, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa tofauti na lile la bango, simamisha.
- Piga simu, usiishie kwenye meseji. Uliza gari linaondokea wapi, saa ngapi, na nani anaendesha. Tapeli hapendi maswali madogo madogo.
- Usilipe yote mapema. Lipa sehemu ya kushikilia nafasi, iliyobaki ulipe siku ya safari ukishaliona gari.
- "Nafasi zimebaki tatu" isikukimbize. Mahali hapo pamekuwepo miaka mingi, na wiki ijayo patakuwepo.

Tatu, uliza mvua ikinyesha itakuwaje

Swali hili watu wengi hulisahau. Kule Hell's Gate kuna korongo ambalo kila mtu anataka kulishuka. Mvua ikinyesha juu, hata mahali ambapo huoni wingu, maji hushuka kwa ghafla. Mwaka wa 2012 na tena 2019, watu waliokuwa matembezini humo walisombwa na kufa. Maaskari wa mbuga wakisema korongo limefungwa, limefungwa. Hakuna picha ya kuweka mtandaoni inayolingana na maisha yako.

Pesa zinaingiaje hapo? Mtu aliyelipa kila kitu mapema na kuambiwa hakuna kurudishiwa hushawishika kwenda tu. Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza: safari ikiahirishwa kwa sababu ya mvua, nitarudishiwa ngapi, au nitapewa tarehe nyingine? Jibu liwe kwa maandishi. Meseji ya kawaida inatosha, bora usiifute.

Nne, mkienda kama kundi

Tuseme mko 6 na kila mmoja anachanga 2,500. Hiyo ni 15,000 mikononi mwa mtu mmoja. Hata kama ni rafiki wa tangu shule ya msingi, wekeni utaratibu:

- Chagueni mweka hazina mmoja. Kila anayetuma aandike kwenye grupu kwamba ametuma.
- Mweka hazina aangalie salio lake, asitegemee meseji iliyopigwa picha na kutumwa. Picha ya meseji si pesa.
- Msitoe pesa taslimu halafu mlipe kwa noti. Mtalipa gharama ya kutoa, na hamtakuwa na rekodi. Lipeni kwa simu moja kwa moja.
- Baada ya safari, mweka hazina aonyeshe matumizi. Ikibaki 300, igawanywe. Urafiki mwingi umevunjika kwa pesa ndogo kuliko hiyo.

Siku yenyewe

Kwa Naivasha, mnaweza kwenda kwa matatu mpaka mjini, mchukue nyingine ya Moi South Lake Road, mshuke kwenye njia ya kwenda lango la Elsa. Baiskeli za kukodi ziko hapo, na mbuga hii ni kati ya chache ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Jaribu breki kwanza, lipa baadaye. Chaji simu usiku uliotangulia, na uwe na pesa kidogo mfukoni kwa maji na bodaboda, maana simu ikizima, pesa zako zote zimezima nayo.

Ukishatapeliwa

Usione aibu, na usingoje kesho. Piga huduma kwa wateja mara moja ukiwa na namba ya muamala. Ukiwahi kabla pesa hazijatolewa, tunaweza kujaribu kuzizuia. Kisha ripoti polisi na upewe namba ya OB. Ujue pia kwamba kurudisha muamala ni kwa aliyekosea namba. Kama ulilipa mtu sahihi na safari ikawa mbaya, hilo utalimaliza na mwenye biashara, na zile meseji ulizohifadhi ndizo ushahidi wako.

Kabla ya kuweka PIN, rudia yale maswali mawili. Ukipata jibu la moja tu, bado hujawa tayari kutuma. Ukipata yote mawili, lipa, panda gari, na ukifika Karen tazama vilima vya Ngong kwanza kabla ya kutoa simu mfukoni.