Plasta Inayosoma Moyo wa Mtoi: Oldonyiro Itafika Lini?

Manze, kuna plasta inasoma moyo. Si ile ya kidonda. Ni ya watoi waliozaliwa kabla ya siku zao, na imejaribiwa hapa Kenya, hospitali ya Aga Khan, Nairobi. Inaitwa ANNE, na ilianzia kwa maabara ya msee anaitwa John Rogers, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Inavutikaje na chipu ni ngumu? Chipu zinabaki ngumu lakini ni ndogo. Nyaya za kuziunganisha ndizo zimepindwapindwa kama nyoka ndani ya mpira laini. Ukivuta, kona zinanyooka tu, hakuna kitu inakatika. Moja hukaa kifuani kusoma mapigo na pumzi. Nyingine mguuni, inamulika ngozi kupima oksijeni. Majibu yanaingia kwa tableti bila waya.

Hapo ndio utamu. Ngozi ya huyo mtoi ni laini, gundi ya kawaida inaweza kuichubua. Na bila nyaya, mathee anambeba ngozi kwa ngozi, joto ambayo haihitaji stima.

Lakini tusidanganyane: plasta inapiga kengele tu. Mtoi akikosa pumzi Oldonyiro usiku, bado anataka nesi, oksijeni, na ambulensi ya kumfikisha Isiolo mjini.