Povu Lisilochuna: Nazi na Sukari Katika Ngozi ya Wanetu



Wasomaji wetu wapenzi, baridi ni mgeni kwa watu wa pwani. Tulilitambua hilo tulipokwenda Gesima, katika kaunti ya Nyamira, kumzuru mpwa wetu anayefundisha huko. Gesima ni nchi ya vilima vya majani ya chai, migomba na miparachichi. Asubuhi zake zina ukungu, na maji yake hukaza vidole. Tulimkuta mwanawe wa miaka 4 ana mashavu yaliyopasuka na viwiko vilivyokakamaa. Kila alipoitwa kuoga alilia na kujificha nyuma ya mlango.

Mamaye hakuwa mzembe. Alimwogesha kwa namna ile ile aliyoogeshwa yeye Mombasa: mara mbili kwa siku, kwa sabuni ya kipande, mpaka ngozi ikawe kavu na kukwaruza. Pwani, joto na unyevu wa bahari husitiri kosa hilo. Milimani, hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo, na ngozi iliyovuliwa mafuta yake hukosa kinga. Tabibu alisema ni ukurutu unaoanza, akaagiza sabuni ibadilishwe na ngozi ipakwe krimu. Mpwa wetu akanunua chupa ya sabuni ya maji na kopo la krimu. Jioni akatuletea vyote viwili, amekunja uso: kwenye kopo paliandikwa neno “alcohol”. Je, yafaa kwa mtoto, na kwa mama anayeswali?

Swali lake lilitulazimu kusoma, na tuliyoyapata tumeona ni amana kuwafikishia.

Maji na mafuta hayapatani, na kazi ya sabuni ni kuyapatanisha. Kila chembe yake ndogo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hushika uchafu wenye mafuta, kichwa hushika maji, navyo huondoka pamoja. Sabuni ya kipande tuliyoizoea hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda. Povu lake hufika kiwango cha pH cha 9 au 10, ilhali ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Ndiyo maana baada ya kuoga ngozi huhisi kukazwa, na wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa kukazwa huko ndiko usafi.

Katika chupa ya mpwa wetu kulikuwa na kitu kingine, desili glukosidi, ambacho kwenye chupa huonekana kwa neno linaloishia na “glucoside”. Mkia wake watokana na mafuta ya nazi au ya mawese. Kichwa chake ni glukosi, sukari inayopatikana katika wanga kama ule wa mahindi. Njia ya kuunganisha sukari na alkoholi ilielezwa na mwanakemia wa Kijerumani, Emil Fischer, mwaka 1893. Kwa kuwa kichwa hicho cha sukari hakina chaji ya umeme, hakizing’ang’anii protini za ngozi kama zifanyavyo salfeti za sabuni nyingi zenye povu kali. Huondoa uchafu, wala hakichuni. Povu lake huenda likawa jepesi, lakini wingi wa povu si ushahidi wa usafi.

Ndugu yake wa karibu alikuwamo ndani ya krimu. Ili kuielewa kazi yake, na tuingie jikoni. Tui la nazi ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Mpishi asiyekoroga, akauacha moto uwe mkali, hulikuta tui limekatika: mafuta juu, maji chini. Krimu nayo ni tui la namna yake. Setearili glukosidi hufanya kazi ile ya protini za nazi: huyazunguka matone ya mafuta yasikutane tena, hata krimu ikabaki laini koponi kwa miezi.

Tukarudi kwenye neno lililomtia hofu. Katika elimu ya kemia, alkoholi ni jina la ukoo mzima, si la kileo pekee. Setearili alkoholi iliyoandikwa kwenye kopo ni nta nyeupe, ngumu, isiyolevya, inayoipa krimu uzito na ulaini. Mmoja wa jamaa zake, setili alkoholi, alitolewa mara ya kwanza na Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1817, kutoka katika nta ya kichwani mwa nyangumi; nyangumi yule yule atoaye ambari wanayoijua wazee wetu wa pwani. Siku hizi hutengenezwa zaidi kwa mafuta ya mawese na nazi. Ethanoli, iliyomo katika vileo, ni mtu mwingine katika ukoo huo, na kwa kawaida huandikwa “alcohol” peke yake au “alcohol denat.” Hukumu yake tunawaachia masheikh wetu, sisi tunatenganisha majina tu.

Swali lenye uzito zaidi ni la gliserini na asidi ya steariki. Hizi huweza kutoka katika mimea au katika mafuta ya wanyama, na karatasi ya kopo mara nyingi haisemi. Hapo muulizeni mtengenezaji, au tafuteni alama ya halali.

Wala upole si dhamana kwa kila mtu. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi, American Contact Dermatitis Society, kilizitaja glukosidi kuwa kizio cha mwaka, kwa sababu wapo wachache ambao ngozi zao huzikataa. Kwa hiyo jaribuni kwanza ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa. Na wale wa Gesima wanaokamua mafuta ya parachichi, wayapake yakiwa matupu: mafuta yakichanganywa na maji nyumbani bila kihifadhi huotesha vijidudu visivyoonekana.

Tulikubaliana na mpwa wetu mambo matatu. Mtoto aoge mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi. Akaushwe kwa kupanguswa pole pole, kisha apakwe krimu ngozi ingali na unyevu. Na mama mwenyewe apake baada ya udhu, ili lisiwepo tabaka zito linalozuia maji kufika.

Wiki ya tatu simu ililia. Mashavu yamefungamana, akasema, na jana mtoto alikwenda bafuni bila kuitwa.

Dini yetu imeupa usafi daraja kubwa, na mwili nao una haki yake juu yetu. Haifai tuitafute haki moja kwa kuivunja nyingine. Mwenyezi Mungu awahifadhi wanetu, walio pwani na walio milimani. Amin.