Jina la mama liko wapi katika karatasi za zamani?



Watoto wetu wanauliza: "Nkambo alitoka wapi? Alifika Likasi mwaka gani?" Upande wa baba tunajibu kidogo: alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, alikuwa na numero yake ya kazi. Upande wa mama tunanyamaza. Juma hili tuangalie karatasi zinazoweza kutusaidia, na kwa nini majina ya mama zetu hayaonekani humo kwa urahisi.

Walihesabu nani?

Sensa ya mwisho ya nchi yetu nzima ilifanywa mwezi wa saba 1984, wakati wa Zaire. Ilipata watu karibu milioni 30. Lakini matokeo ya sensa kama ile ni jumla ya watu wa miji na mikoa. Majina ya watu wa nyumba moja tunayapata katika karatasi zingine, na nyingi ni za zamani zaidi.

Wakati wa Wabelgiji, serikali iliandika watu ili ipate kodi na wafanyakazi. Kwa hiyo aliyetafutwa kwanza ni mwanaume mwenye nguvu. Yeye ndiye aliyepewa buku ya kitambulisho yenye jina lake, kijiji chake, chifu wake na kodi aliyolipa. Mke na watoto walifuata nyuma ya jina lake.

Mwanamke aliyeishi peke yake mjini ndiye aliyeandikwa kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu katika miji mingi alitozwa kodi ya pekee. Kodi hiyo iliwachukiza wanawake, maana iliwafanya waonekane kama watu wasio na heshima. Huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu wa Buyenzi waliikataa wazi katika miaka ya 1950.

Posho nayo iliacha alama

Kwetu Katanga, Kampani iliandika familia kwa sababu nyingine. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka mfanyakazi akae muda mrefu, pamoja na mke na watoto. Posho ilitolewa kufuatana na watu wa nyumba, kwa hiyo kalani alipaswa kujua kama mke yuko na watoto ni wangapi. Mtoto akizaliwa au akifa, ilibidi kuandika.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya familia za wafanyakazi hao, tangu 1910 mpaka 1997. Kinaitwa Bana Shaba abandonnés par leur père. Mama anayesoma Kifaransa atawaona humo watu wa nyumba kama zetu.

Tuangalie majina yaliyobadilika

Anayetafuta anaweza kushika karatasi ya kweli na kuiacha akidhani si yake. Karatasi iliyoandikwa Jadotville ni ya Likasi, maana mji ulibadilishwa jina 1966. Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, na tangu 2015 sisi ni Haut-Katanga. Majina ya watu pia: mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristo. Mama aliyebatizwa Marie anaweza kuonekana kwenye karatasi ya 1975 bila Marie hata kidogo. Basi tulinganishe kijiji, jina la baba yake na mwaka wa kuzaliwa, tusitazame jina moja tu.

Tuanze namna gani?

Kwanza, tuanze nyumbani. Tufungue sanduku: buku ya kazi, karatasi ya retreti, karte ya ubatizo, karte ya kupimia mtoto, foto yenye maandishi nyuma. Tusizipeleke mbali, tuzipige picha kwa simu.

Pili, twende kwa wazee wangali hai, na tuulize wanawake kwanza. Tusiulize tu "ulizaliwa lini?" Tuulize: "Ulipofika hapa, nani alikupokea? Mtoto wa kwanza ulimzalia wapi? Nani alikuwa anapokea posho?" Kwenye kilio pia wazee hutaja ukoo, mmoja wetu akae na kayee.

Tatu, twende parokia au kanisa. Katika buku ya ubatizo ya Wakatoliki jina la mama wa mtoto huandikwa pamoja na la baba. Hapo mama zetu wengi wanaonekana kwa jina lao.

Nne, komine, kwenye ofisi ya eta sivili, kwa karatasi za ndoa, kuzaliwa na kifo.

Faida yake ni nini?

Si hadithi tu za jioni. Baba akifa, mjane asiye na karatasi ya ndoa anapata taabu mbele ya wakwe na mbele ya tribunali. Mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa anapata taabu kuonyesha ni mtoto wa nani.

Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Siku hizo zikipita, lazima kupitia tribunali, na hapo safari na gharama zinaanza. Mama mwenyewe anaweza kwenda kuandikisha. Asingoje baba arudi kutoka kazini.

Kwa mkutano ujao tunaomba kila mama alete kayee moja. Aandike majina manne: lake, la mama yake, la mama wa mama yake, na la mama wa baba yake, na kando ya kila jina, kijiji alichotoka. Anayekosa jina moja aende kuuliza juma hili, wazee wangali nasi. Asiyejua kuandika atasaidiwa na jirani yake.