Aliyehukumiwa na Mahakama: Kura Yake na Uongozi Wake

 

Kila uchaguzi unapokaribia, Maimamu wetu huulizwa: je, mtu aliyetiwa hatiani na mahakama anafaa kupiga kura, na anafaa kuchaguliwa? Wengi hujibu kwa neno moja. Sisi tunaona kuwa hayo ni maswali mawili, na kila moja lina mlango wake katika Fiqhi.

Msingi wa mjadala ni Aya ya 4 na ya 5 za Suratun-Nur, zinazomhusu anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya kuleta mashahidi wanne. Ameamrishwa apigwe mijeledi 80, ushahidi wake usikubaliwe kamwe, naye ahesabiwe fasiki. Kisha wakatolewa waliotubia na kutengenea. Wanazuoni wakakhitalifiana: je, huko kutolewa kunarejea kwenye ufasiki peke yake, au pia kwenye kukataliwa ushahidi? Imam Abu Hanifa alisema toba humwondolea ufasiki tu, ama ushahidi wake umekwisha maisha. Imam Malik, Imam Shafi na Imam Ahmad walisema toba humrejeshea yote mawili.

Tazama alivyofanya Sayyidna Umar (r.a.). Masahaba na wenzao walimshuhudilia al-Mughira bin Shu'ba, aliyekuwa gavana wa Basra, kwamba amezini. Watatu walitoa ushahidi, wa nne hakuukamilisha, na wale watatu wakapigwa Hadd. Umar akawaambia kwamba atakayetubia, ushahidi wake utakubaliwa. Wawili wakatubia. Abu Bakra (r.a.) akakataa, kwa kuwa kutubia kwake kulikuwa ni kujikadhibisha, basi ushahidi wake haukupokelewa. Pamoja na hayo, Hadithi zake zimo katika Sahih Bukhari na Umma umezipokea. Mtu huyo huyo amefungiwa amana moja na kuachiwa nyingine. Hapa ndipo penye fiqhi, na ndipo wengi wanapopapita mbio.

Ama kura, baadhi ya wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, wameifananisha na ushahidi na pia na uwakala. Mwenye kushika upande wa ushahidi atasema asiye mwadilifu asipige kura, na atamtaja al-Mawardi, aliyeweka uadilifu kuwa sharti kwa wanaomchagua Imamu. Lakini al-Mawardi alikuwa akizungumzia watu wachache wenye kufunga na kufungua mambo ya Umma. Kituo cha kura cha leo hakimuulizi mtu uadilifu wake: mla riba anapiga kura, asiyeswali anapiga kura, na mwizi ambaye hajakamatwa anapiga kura. Kwa hiyo kumzuia yule aliyekwisha adhibiwa ni kumwonea. Sisi tunaegemea kwenye uwakala, kwani fasiki anaweza kumweka wakili katika mali yake na haki zake. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, haimzuii kujiandikisha kwa sababu ya hatia ila aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Na mwaka 2017 wafungwa walimpigia kura Rais. Hatuoni katika hilo linalopingana na Sharia.

Uongozi ni jambo jingine. Abu Dharr (r.a.) alipoomba kazi ya uongozi, Mtume (s.a.w.) alimweleza kuwa yeye ni dhaifu na kwamba kazi hiyo ni amana. Abu Dharr hakuwa na kosa lolote, basi vipi aliyekula mali ya watu? Imepokewa kwa Ubada bin Samit (r.a.) kwamba adhabu ya duniani ni kafara ya dhambi. Kafara inafunga hesabu baina ya mja na Mola wake, ama watu wana haki ya kumtazama kwanza. Imam Nawawi katika Minhaj ameshurutisha kwamba fasiki aliyetubia achunguzwe muda unaoleta dhana ya ukweli wa toba yake, na akataja kuwa wengi wamekadiria mwaka mmoja. Washereheshaji wakasema ni kwa sababu misimu minne ina athari katika kuamsha matamanio ya nafsi. Kabla ya hapo arejeshe alichochukua, kwani haki ya mja haianguki kwa kulia msikitini.

Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 67, imeweka miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu kwa aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu, asichaguliwe ubunge. Ni mrefu kuliko mwaka wa mafakihi, lakini makusudio ni yale yale, nasi hatuukatai.

Wala tusichanganye kufungwa na khiyana. Nabii Yusuf (a.s.) alitoka gerezani akapewa hazina za Misri, ila hakukubali kutoka mpaka kesi yake ichunguzwe upya na ukweli udhihirike. Kwa hiyo mgombea anayesema kuwa alihukumiwa kwa dhulma hatumkadhibishi, bali tunamtaka alete usafisho wake mahakamani kabla ya kutuomba kura.

Na Maimamu wasidhani mambo haya ni ya bunge tu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msimamizi wa wakfu akifanya ufasiki usimamizi humtoka. Akitengenea haumrejei, isipokuwa kama aliwekwa kwa sharti la mwenye kuweka wakfu mwenyewe.