Neno la Kiingereza "School"

Leo twataka kulichungua neno moja la Kiingereza ambalo hata mtoto mdogo hulijua, nalo ni "school", yaani shule. Pengine msomaji atasema, Neno jepesi hivi lina jambo gani la kuelezwa? Basi na tulifuate mpaka lilikotoka.

Waingereza walilipata katika Kilatini, yapata miaka elfu na zaidi iliyopita, na Kilatini kililipata kwa Wayunani. Kwao lilitamkwa "skhole", na maana yake haikuwa nyumba wala mafundisho, bali wasaa, yaani nafasi ya mtu asiyeshikwa na kazi. Shughuli yenyewe waliiita "askholia", ndiyo kukosa wasaa. Wenye nafasi walikutana wakajadiliana mambo ya hekima. Hatimaye mazungumzo hayo yakaitwa kwa jina la wasaa, kisha mafundisho, na mwisho mahali pa kufundishia.

Siku hizi neno hili lina maana nyingi. Ni jengo; ni saa za masomo; ni wanafunzi wote pamoja; tena ni wataalamu au wachoraji wafuatao njia moja. Lakini Mwingereza aitapo kundi la samaki "school", hilo ni neno jingine, lililotoka kwa Waholanzi. Yamefanana kwa sauti tu, hayana udugu.

Wajerumani nao walisema "Schule", na kwa utawala wao katika Tanganyika, uliokwisha katika vita ya 1914–1918, Kiswahili kikapata shule. Watu wa Unguja husema skuli, kwa kufuata Kiingereza. Neno letu la kale ni chuo, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kitabu. Sisi tulipaita mahali kwa jina la kitabu. Wayunani kwa jina la wasaa.

Na wasaa hauji bure. Katika Athene ya kale, matajiri walikaa wakajadiliana kwa kuwa watumwa walifanya kazi zao. Hata leo wasaa wa mtoto hutoka kwa mtu: mama aendaye kisimani peke yake, baba apaliliaye bila msaidizi. Mtoto aliyezuiliwa nyumbani achunge mbuzi hakunyimwa jengo tu, amenyimwa wasaa. Naye aliyeko darasani na akumbuke ya kuwa nafasi yake imelipiwa kwa jasho la wengine, asiipoteze.