Swichi Huandika Kila Kinachotokea: Umuhimu wa Kuchagua Kiwango Sahihi cha Kumbukumbu

Mwananchi anapofika kwenye kaunta ya malipo au dirisha la hospitali akaambiwa mtandao umepotea, mafundi huanza na maswali mawili: ni nini kilichotokea, na kilitokea saa ngapi? Mara nyingi majibu yamo ndani ya swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi.

Swichi huweka kumbukumbu za matukio kama vile waya kuchomoka, feni kukwama au mipangilio kubadilishwa. Kila ujumbe hupewa kiwango cha uzito kwa utaratibu wa kimataifa uitwao Syslog. Namba ikiwa ndogo, uzito ni mkubwa:

0 – Dharura, kifaa hakitumiki
1 – Hatua ichukuliwe mara moja
2 – Hali mbaya sana
3 – Hitilafu
4 – Onyo
5 – Tukio la kawaida linalofaa kuzingatiwa
6 – Taarifa tu
7 – Maelezo ya kina ya uchunguzi

Kiwango ambacho fundi anaweka ndicho kikomo. Akichagua 4, swichi hutunza ujumbe wa 0 hadi 4 na kuacha 5, 6 na 7. Kilichoachwa hakiwezi kupatikana baadaye.

Hapa ndipo uwajibikaji unapoingia. Katika swichi za Cisco, kwa mfano, taarifa kwamba laini imekatika huwa kiwango cha 3, lakini taarifa kwamba mtu amebadilisha mipangilio huwa cha 5. Ofisi iliyoweka kikomo cha 4 itajua laini ilikatika, ila haitajua kama kuna aliyegusa mipangilio kabla ya hapo.

Kuweka 7 wakati wote nako si suluhisho. Ujumbe huwa mwingi kiasi cha kuzika ule wa maana, na unaweza kuilemea swichi yenyewe. Kiwango hicho hutumiwa fundi anapotafuta hitilafu, kisha huondolewa. Kwa kazi za kila siku, 5 ni chaguo zuri.

Mambo mengine mawili ni ya lazima. Kwanza, kumbukumbu zitumwe kwenye seva, kwa sababu zile zilizo katika kumbukizi ya muda ya swichi hufutika umeme unapokatika. Katika Cisco, amri ya logging host huonyesha anwani ya seva, na logging trap 5 huweka kikomo. Pili, saa ya swichi ilinganishwe na seva ya saa. Bila hivyo, haitajulikana tukio lipi lilitangulia.

Wakuu wa ofisi katika kaunti ndogo na wadi wanahimizwa kuandika saa kamili ambayo mtandao umepotea na vyumba vilivyoathirika. Fundi akiwa na saa hiyo, atajua aanzie wapi kusoma kumbukumbu, na huduma itarejea mapema.